Shamba na Mifugo: Ukame Huhesabiwa Siku ya Mvua ya Kwanza

Juma hili twapenda kusema na wasomaji wetu wa Kano, Nyakach, Seme, Asembo na Uyoma, na wale wa ng'ambo ya ghuba huko Karachuonyo, Mbita na Rusinga, juu ya jambo moja la ukame ambalo halisemwi sana. Habari za kuchimba mabwawa na kupanda mtama zimekwisha kuelezwa mara nyingi katika mabaraza, nazo ni kweli. Lakini mkulima aweza kuyafuata yote aliyoambiwa, akavuka kiangazi salama pamoja na jamaa yake, kisha akapata hasara kubwa baada ya mvua kurudi. Hasara hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

Mfano wake ni huu. Kiangazi, ambacho Waluo hukiita oro, kimepita kiasi chake. Mwezi wa Machi umekwisha kuingia, na mvua kubwa ya chwiri ingepaswa kuwa imeanza. Siku moja jioni mawingu yajikusanya juu ya vilima vya Nandi, na usiku mvua yanyesha kwa nguvu. Kunapopambazuka, mwenye shamba awafunga nira maksai wake wawili aende kulima. Wavuta plau mifuo miwili, na katika mfuo wa tatu mmoja wao apiga magoti. Ukimtazama hana ugonjwa wowote, ila mbavu zake zahesabika na nguvu zimemwishia. Mwenye shamba hana la kufanya ila kuwafungua na kungoja majani yaote wapate kula. Majuma matatu au manne yapita. Mahindi yake yaingia ardhini mwisho wa Aprili, au katika Mei, yachanua wakati mvua inapopungua, na mavuno ni magunia mawili mahali pa kumi. Mwisho wa mwaka asema mvua ilikuwa mbaya. Jirani yake aliyepanda katika Machi, ng'ambo ya ua tu, amejaza ghala.

Jambo hili lauma zaidi katika nchi tambarare ya Kano kuliko mahali pengi pa Kenya, kwa sababu ya udongo wake mweusi. Kila mtu aliyeshika plau huko aujua. Ukikauka hupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kutia mkono wake mpaka kwenye kiwiko, na huwa mgumu kama tofali. Ukilowa sana hushikamana na plau, na nira, na miguu ya watu na wanyama, hata kazi yote ikawa kuvuta matope. Katikati ya hali hizo mbili kuna siku chache ambazo udongo umelainika kidogo na plau yapita vizuri. Mwenye wanyama wenye nguvu huzitumia siku hizo. Mwenye wanyama dhaifu huzitazama zikipita, kisha hungoja tena mpaka matope yapungue. Katika nchi za juu, mathalani Maseno au Kisii, mtu aliyechelewa kwa siku kumi aweza kujikomboa, kwa kuwa mvua huko ni nyingi na udongo ni mwepesi. Huku pwani ya Ziwa mvua ni haba kuliko huko juu, na siku kumi ni mali.

Tena iko sababu nyingine isiyoonekana kwa macho. Mtaalamu wa udongo, Bwana H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga karibu na Nairobi, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka sana, kisha ukalowa, hutoa ghafula chakula kingi cha mimea, na hasa naitrojeni. Vijidudu vidogo vya udongoni huamka kwa maji na kuozesha mboji kwa haraka. Na kadiri udongo ulivyokaa mkavu kwa muda mrefu, ndivyo chakula hicho kinavyozidi. Wataalamu wa nchi nyingi hadi leo hulitaja jambo hili kwa jina lake. Maana yake kwetu ni kwamba ukame wenyewe huweka akiba katika shamba, na akiba hiyo hufunguliwa na mvua ya kwanza. Ikiwa mizizi ya mahindi au mtama imekwisha kuwamo, itaila. Ikiwa haimo, magugu yatakula sehemu yake, na mvua zinazofuata zitaichukua iliyobaki chini au mtoni. Bwana Birch hakuandika habari za maksai, lakini mkulima wa Kano akisoma maneno yake ataona mara moja ya kuwa yahusu maksai.

Wazee wetu wanajua vilevile kwamba ukame wa nchi hii mara nyingine huishia katika maji mengi mno. Mwaka 1961 ulianza kwa ukame na njaa katika sehemu nyingi za Kenya, hata mahindi ya msaada yakaletwa kutoka Marekani. Kisha kuanzia Oktoba mvua ikanyesha bila kukoma, na Ziwa likapanda, hata kufikia mwaka 1964 lilikuwa limeinuka kama mita mbili na nusu. Mwanzoni mwa mwaka 1997 nchi ilikuwa katika ukame, na mwisho wa mwaka huo huo ikapigwa na mafuriko ya El Niño. Mwaka 2019 mvua ya Machi na Aprili ilichelewa sana, lakini ile ya mwisho wa mwaka ikapita kipimo, na mwaka 2020 Ziwa likaingia katika mashamba na nyumba za watu kandokando yake. Kwa hiyo mkulima anayejitayarisha kwa kukosa mvua peke yake amejitayarisha nusu. Hana budi pia kuwa tayari kuipokea, maana haitamngoja.

Nani atamwonya? Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutangaza makisio ya kila msimu, na redio husomea watu kwa lugha zao. Yafaa kuyasikiliza. Lakini mwezi wa Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza ukame kuwa janga la taifa, macho ya watu yalielekea kaskazini na mashariki, na ndivyo ilivyostahili, kwa kuwa huko mifugo ilikufa kwa maelfu. Kaunti 23 zilizo kavu hupata taarifa za ukame za kila mwezi kutoka kwa shirika la Serikali liitwalo NDMA, na Kisumu, Siaya na Homa Bay hazimo katika hesabu hiyo. Sisi twahesabiwa kuwa watu wa majini. Hakika maji twayaona kila siku, kilomita za mraba zipatazo 68,000 za Nam Lolwe, lakini mtu wa Uyoma ajua ya kuwa kuliona Ziwa hakuoteshi wimbi. Basi kila mwenye boma na awe mlinzi wake mwenyewe.

Sisi tungeshauri siku moja ya kuhesabu iwekwe, nayo ni mwisho wa Desemba, mvua ndogo ya opon inapokwisha. Siku hiyo mwenye boma azunguke pamoja na mkewe na wanawe wakubwa, watazame nyasi zilizosimama, mabua yaliyovunwa, maji yaliyomo, mbegu zilizomo ghalani, na idadi ya wanyama. Kisha wajiulize swali moja: ikiwa mvua haitanyesha mpaka katikati ya Aprili, ni wanyama gani watakaofika siku hiyo wakiwa na nguvu? Wale ambao chakula hakiwatoshi wauzwe katika Januari, wakiwa bado na nyama.

Twajua ya kuwa neno hili ni chungu. Ng'ombe wa nchi hii si nyama tu. Huyu ni wa mahari ya kijana, yule aliachwa na baba, na yule mwingine amekwisha kuahidiwa kwa ndugu. Twakumbuka pia ya kuwa watu wa Kenya wana sababu ya kuchukia habari za kupunguza mifugo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba wa Machakos kuuza ng'ombe wao, na wengi wakachukuliwa kwa bei duni na kupelekwa katika kiwanda cha nyama cha Athi River. Watu wakaenda Nairobi kwa miguu kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye akahamishwa Lamu, lakini serikali ikalazimika kuilegeza amri yake. Waliokataa walikuwa na haki, kwa kuwa mwenye ng'ombe ndiye apaswaye kuchagua ni yupi, lini na kwa bei gani. Tunachosema ni kwamba anayekataa kuchagua katika Januari atachaguliwa na jua katika Machi. Wakati huo soko lote limejaa ng'ombe waliokonda, na gunia la mahindi limepanda bei, kwa hiyo ng'ombe aliyeweza kununua magunia kadhaa hapo mwanzo sasa ananunua moja, au hanunuliwi kabisa na anafia njiani kurudi nyumbani.

Wa kuuza kwanza ni ng'ombe wazee na tasa, kisha mafahali wasiohitajiwa na ndama dume walioachishwa maziwa. Mitamba wenye mimba na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wabaki, maana bila hao kundi halitarudi. Lakini wa mwisho kabisa kuguswa ni maksai wa kulimia. Hapa ndipo twaona watu wengi wenye akili wakikosea. Maksai ni mkubwa, ana bei, na katika kiangazi hana kazi. Basi shida ya karo ikija, yeye ndiye huuzwa, na ng'ombe mzee ambaye hajazaa kwa miaka mitatu hubaki akila majani. Mkulima huyo ameuza mkono wake wa kuume akabakiza kumbukumbu.

Sasa tuhesabu chakula chao, maana bila hesabu maneno haya ni upepo. Maksai wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 300 hula chakula kikavu kama kilo 7 kwa siku. Wawili ni kilo 14. Tukisema yatupasa kuwalisha kwa siku 60 za mwisho kabla ya mvua, wakati malisho ya nje yamekwisha, twahitaji kilo 840. Si lazima zote ziwe nyasi. Nusu yaweza kuwa mabua ya mahindi au ya mtama, ambayo watu wengi huyaacha shambani yakaliwa na mchwa, au huyachoma. Shamba lililotoa magunia kumi ya mahindi limetoa pia mabua ya uzito kama huo au zaidi, basi ekari moja tu yatosha kwa nusu hiyo. Yakusanywe mapema yakiwa bado na majani, yawekwe juu ya ulingo chini ya paa, na yakatwekatwe kwa panga kabla ya kulishwa, kwa maana bua zima hutafunwa majani tu na sehemu iliyobaki hukanyagwa. Walio karibu na viwanda vya sukari vya Muhoroni, Chemelil au Kibos wakiweza kupata molasi, waichanganye na maji na kuinyunyiza juu ya mabua, nayo yataliwa kwa hamu. Walio karibu na Ahero wana majani makavu ya mpunga, ambayo ni chakula hafifu lakini hujaza tumbo. Wayachanganye na majani ya kunde au ya viazi vitamu yaliyokaushwa.

Nusu nyingine, kilo 420, na iwe nyasi kavu za kweli. Zikatwe mara zinapoanza kutoa maua, si baada ya kuwa manjano, zianikwe siku mbili au tatu, zigeuzwe, kisha zifungwe marobota. Hapana haja ya mashine. Seremala wa kijijini aweza kutengeneza sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala sakafu, urefu sentimita 85, upana 55 na kina 45. Kamba mbili hutandazwa ndani, nyasi hujazwa na kukanyagwa na kijana mmoja mpaka zisikubali tena, kamba hufungwa, na sanduku huinuliwa. Robota moja likikanyagwa vizuri hufikia uzito wa kama kilo 20. Kwa hiyo marobota 21 pamoja na mabua ya ekari moja yatosha kuwafikisha maksai wawili siku ya kulima. Wavulana wawili waweza kufunga marobota hayo kwa siku chache za likizo ya Desemba. Mwenye maksai wanne, kama ilivyo desturi katika udongo mzito, na azidishe mara mbili.

Mtu asiyeweka chakula hicho hupeleka wanyama wake kwenye vinamasi, na hapa yafaa kutoa onyo. Kando ya Ziwa na mito ya Nyando na Sondu, majani hubaki mabichi hata nchi nyingine yote ikiwa vumbi, na kwa kuyatazama tu mtu hushukuru. Lakini katika maji hayo wamo konokono wadogo wachukuao minyoo bapa ya ini. Ng'ombe huwala wadudu wachanga wa minyoo hiyo pamoja na majani, na baada ya miezi michache huanza kukonda ijapokuwa anashiba, na huvimba chini ya taya. Hivyo aliyenusurika na njaa Februari huwa dhaifu Aprili. Ikiwa hapana budi kuchunga huko, wanyama wapelekwe baada ya umande kukauka, wasiingizwe majini, na daktari wa mifugo aulizwe juu ya dawa ya minyoo hiyo mwishoni mwa kiangazi. Vijana wachungaji nao wasioge humo, kwa sababu ya kichocho. Tena wanyama wa boma nyingi wakusanyikapo mahali pamoja penye maji, huambukizana ugonjwa wa midomo na kwato na homa ya mapafu, na kupe hupata karamu. Basi josho lisiachwe kwa kisingizio cha ukame. Wale wa Homa Bay wanaovutwa na majani ya bonde la Lambwe wasisahau mbung'o na ugonjwa wa nagana.

Sumu nyingine imo katika shamba lako mwenyewe. Mtama ukivunwa, visiki vyake huchipua mvua kidogo ikinyesha. Machipukizi hayo machanga, pamoja na mtama mchanga uliodumaa kwa jua, huwa na sianidi, na ng'ombe mwenye njaa akiyavamia aweza kufa kabla mwenyewe hajafika nyumbani kuita watu. Hapo ndipo majirani husema amelogwa. Asiruhusiwe kuyala kabla hayajafika kimo cha kiuno, au yakatwe na kukaushwa barabara juani, maana sehemu kubwa ya sumu hupotea kwa kukauka.

Kuhusu gugumaji, ambalo lilienea katika ghuba ya Winam katika miaka ya 1990, watu huuliza kama ng'ombe waweza kulishwa. Sehemu kubwa ya mmea huo ni maji matupu. Ng'ombe atajaza tumbo na kubaki na njaa.

Sasa maji. Maksai hunywa kama lita 30 kwa siku, na wawili lita 60. Kwa siku 60 ni lita 3,600. Mtu akisikia hesabu hiyo huogopa, lakini atazame paa lake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 ina mita za mraba 60. Ikinyesha milimita 75 katika opon nzima, ambazo si nyingi, paa hilo hupokea lita 4,500, na hata tukitoa sehemu ya tano kwa kuvuja na kumwagika, zabaki lita 3,600 kamili. Tangi moja, basi, laweza kuwanywesha maksai nyumbani kwa miezi miwili. Lakini watu wa nyumbani hunywa kwanza. Kwa hiyo mwenye tangi dogo na atumie maji hayo kwa watu, na kwa maksai katika majuma mawili ya mwisho tu, wasitembezwe kilomita nane kwenda Ziwani na nane kurudi wakati ule hasa tunapotaka wanenepe. Ng'ombe mmoja tasa aliyeuzwa Januari huenda akalipia sehemu kubwa ya tangi la mwaka ujao.

Bwawa la kuchimba ni jema, na udongo mweusi hushika maji vizuri, lakini wengi hulichimba pana na la kina kifupi, kwa kuwa kuchimba chini kwachosha. Katika nchi yetu jua hunywa kama milimita 5 za maji ya bwawa kila siku. Kwa siku 90 ni sentimita 45. Bwawa lenye kina cha nusu mita limenyweshwa jua lote. Lichimbwe dogo lenye kina cha mita mbili au zaidi, lizungushiwe ua wa miiba, na maji yachotwe na kutiwa katika kihori nje ya ua, ng'ombe wasishuke ndani na kuligeuza tope.

Na wenye pampu kando ya Ziwa wasiijengee mahali pamoja pa kudumu. Mwaka 2006 Ziwa lilirudi nyuma hata gati zikabaki nchi kavu, na baada ya miaka 14 likapanda hata likafunika njia. Pampu na iwe ya kuhamishika. Mchotaji naye asiende ufukoni jioni peke yake, kwa maana kiboko naye huwa na njaa katika kiangazi.

Mbegu ni habari ya wanawake zaidi kuliko wanaume, nao waijua vizuri. Njaa iitwayo Kanga, ya miaka 1918 na 1919, ilikumbukwa na wazee wa Nyanza kwa muda mrefu. Njaa ikifika nyumbani, mbegu hutazamwa kama chakula kingine chochote, na mama mwenye watoto wanaolia hawezi kulaumiwa akiitia chunguni. Dawa yake ni kuitenga mapema, mahali pasipo karibu na jiko, hata kwa jirani au kwa shemeji, wakati chakula bado kingali kipo. Na itengwe mara mbili ya kiasi cha kupanda mara moja, maana mvua ya kwanza mara nyingine hudanganya: hunyesha, mbegu huota, kisha jua hurudi majuma matatu na kuziua. Aliye na mbegu ya pili hupanda tena, na asiye nayo huenda dukani siku ile ile watu wote waendapo.

Mtama wa Serena na Seredo, ambao asili yake ni kituo cha Serere huko Uganda, wafaa kuwa na sehemu katika kila shamba la pwani. Punje zake ni nyekundu na kali kidogo, kwa hiyo ndege hawazipendi sana. Muhogo na uwe na kipande chake ambacho hakivunwi mwaka wa neema. Lakini mbegu yoyote iwayo, ipimwe katika Februari. Chukua punje 50 bila kuchagua, zifunge katika kitambaa chenye unyevu kwa siku sita. Zikiota 40 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 30, ongeza mbegu kwa kila shimo. Zikipungua 25, tafuta nyingine wakati bado kuna nafasi.

Yabaki shamba lenyewe. Maboma mengi huachia ng'ombe wote mashambani Januari mpaka lisibaki bua wala jani, na ardhi hupondwa kwa kwato ikawa kama unga. Mvua ya kwanza ikija kwa nguvu, kama ijavyo baada ya ukame, unga huo huenda Ziwani. Asiyeamini na aende Nyakach ya chini akatazame makorongo ya Katuk Odeyo, ambamo nyumba nzima yaweza kuzama isionekane. Basi yale mabua tuliyosema yakusanywe, yasikusanywe yote. Theluthi moja iachwe ardhini, hasa penye mteremko, na ng'ombe wafungiwe nje.

Wako wasio na maksai kabisa, na hao ni wengi: wajane, vijana waliorithi vipande vidogo, na makarani wenye shamba kijijini ambao huja Jumamosi tu. Hao hulimiwa mwisho, baada ya mwenye maksai kumaliza lake na la ndugu zake, na hata wakilipa fedha hungoja zamu. Trekta nazo katika majuma hayo ni chache. Kwao mapatano ni bora kuliko fedha. Mwenye mshahara aweza kununua marobota au tangi la molasi katika Januari akampa mwenye maksai, kwa sharti kwamba shamba lake litalimwa katika siku tano za kwanza. Wenye maksai mmoja mmoja waungane wawili, walishe pamoja, na waandike zamu mbele ya mzee wa kijiji kabla ya mvua, kwa maana baada ya mvua kila mtu huwa na haraka na ahadi husahauliwa. Mjane asiye na cha kutoa aweza kutoa nyasi zilizosimama katika kiwanja chake, ambazo mara nyingi ni nyingi kuliko za wenye mifugo. Desturi ya saga, ya watu kulimiana kwa zamu, Waluo wanayo tangu zamani. Iliyobaki ni kuianza Januari badala ya Machi.

Plau nazo zitolewe darini katika Februari. Ncha iliyolika ipelekwe kwa mhunzi, mnyororo utazamwe kiungo kwa kiungo, na nira ijaribiwe shingoni mwa maksai wakiwa wamepumzika, maana aliyenenepa kwa marobota hatoshi katika nira aliyoivaa mwaka jana akiwa amekonda.